Nilivyokwenda Ujiji Kumchukua Felista kwa Wachina

Wanawake wenzangu wa Cheyo, tangu nishuke kwenye treni mnanisimamisha njiani, huyu kisimani, yule mlangoni pa kanisa, na swali lenu ni hilo hilo: Felista yuko wapi? Nimechoka kulijibu nikiwa na ndoo kichwani. Herufi nilifundishwa na katekista, si nyingi, lakini zinatosha. Nimeandika yote kwenye daftari hili. Asiyejua kusoma asomewe, na anayesoma asiongeze ya kwake.

Nasema mapema kwamba nilikwenda na wivu na nimerudi nao. Anayetaka kucheka acheke nyumbani kwake.

Felista ni kitindamimba wangu, hilo mnalijua. Mumewe ni Aluni, yule seremala mliyemwona akitengeneza milango ya nyumba ya mapadri. Baba yake alikuwa Mchina, alikuja wakati wa Mjerumani kufanya useremala kwenye reli, akafia Kigoma. Mama yake, Mchina vilevile, yu hai, anakaa na mwanawe Ujiji. Aluni amekulia huko na Kiswahili chake ni cha Ujiji kabisa.

Kwetu mtoto wa kwanza anazaliwa kwa mama wa mke. Mimi nilimzaa wa kwanza kwa mama yangu, dada zangu hivyo hivyo. Ndipo ikaja barua, imekaa njiani wiki tatu: Felista ana mimba ya miezi minane, na mama mkwe amesema asisafiri. Amesema, naye Felista amekubali. Mtoto huyo mimi nilikuwa namwambia lete kuni mara nne. Nikafunga mzigo siku ile ile. Nilikuwa nakwenda kumchukua mwanangu, basi. Nilibeba asali ya miombo kwenye kopo kubwa, na mfuko wa matobolwa, kwa sababu viazi vikavu haviozi njiani.

TABORA MPAKA KALIUA

Behewa la watu wa daraja la tatu lilijaa hata pa kuweka mguu hakuna. Nilikaa kati ya mwanamke mnene wa Ujiji, jina lake Bi Zaituni, aliyekuwa anatoka kumzika shangazi yake, na mzee mmoja wa Uvinza ambaye kazi yake ni chumvi. Urambo tulisimama muda mrefu kupisha mabehewa yaliyobeba matrekta ya Wazungu wa karanga. Watu wakatoa vyakula. Bi Zaituni alikuwa na samaki wa kukaanga, nikampa matobolwa, tukawa marafiki. Akaniuliza nakwenda kwa nani. Nikamwambia.

"Kwa Mchina seremala?" akasema. "Pole, dada."

"Pole ya nini? Hajafa mtu."

"Chakula chao, dada. Wanakula nguruwe mpaka masikio."

Mimi ni Mkatoliki na Krismasi mnajua tunapika nini. Nikatafuna samaki wake.

Mzee wa chumvi akasema, "Mimi wale watu nawapenda. Akikuambia kiti Jumatano, unakikuta Jumatano. Fundi wetu sisi amekaa na mlango wangu tangu Ramadhani, kila siku kesho, kesho."

"Kiti sawa," akasema Bi Zaituni. "Na mbolea wanayotia kwenye bustani, umeiuliza ni ya nani?"

"Si unanunua mchicha wao wewe?"

"Nauosha."

"Basi. Unauosha na unarudi kununua, kwa kuwa kwako hauoti hivyo." Yule mzee akanigeukia mimi. "Halafu wana adabu kwa wazazi. Mama wa yule seremala akikohoa tu, mtoto ameshasimama. Wa kwangu nikikohoa wanauliza kama ni kifua kikuu, wanasogea."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Maneno hayo yaliniingia kama mwiba, kwa sababu nilijua ni mwanangu ndiye anayesimama mama yule akikohoa.

Bi Zaituni akasema, "Lakini mtoto wa kike kwao si mtoto. Wanataka dume. Akizaa wa kike utaona watakavyonuna."

Hapo ndipo moyo wangu ulipopata raha mara ya kwanza tangu barua. Nikashika rozari nikaomba Felista azae msichana, ili waniachie. Namwomba Mungu msamaha kwa sala ile, lakini niliisali, na niliisali mpaka Kaliua.

MALAGARASI

Mto ulikuwa umepanda juu ya reli. Treni ikasimama upande wa huku, na dereva akasema hawezi kupitisha roho za watu kwenye maji ambayo haoni chini yake. Tukakaa siku mbili nzima, mpaka maji yaliposhuka.

Baba yangu alikuwa mpagazi, alipita hapo hapo na pembe za ndovu begani zaidi ya mara moja, na alinisimulia kwamba waliwahi kukaa siku tano wakingoja mitumbwi. Lakini baba hakuwa na binti mwenye mimba ng'ambo. Nilikwenda kwa karani wa treni mara nyingi mpaka akiniona anajifanya anaandika. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi siulizi habari za treni. Nauliza kama naweza kuvuka kwa miguu." Akasema, "Bibi, utaliwa na mamba." Nikamwambia mamba atapata mifupa. Akaendelea kuandika.

Matobolwa yakaisha, maana watoto walikuwa wengi na mimi siwezi kula mtoto akinitazama. Tukanunua kambale kwa wavuvi, tukachoma kando ya reli. Kopo la asali sikulifungua. Hilo lilikuwa la mama yule. Nilitaka alionje ajue Felista ametoka wapi.

KIGOMA MPAKA UJIJI KWA MIGUU

Mvua ilitukamata nusu ya njia. Bi Zaituni alinifikisha mpaka mlangoni, akasema yeye haingii, akaenda zake. Nikabisha nikiwa nachuruzika maji. Kabla sijafunguliwa nikasikia sauti ndani. Mtoto mchanga analia.

Nilichelewa kwa siku mbili, zile zile za Malagarasi.

Mlango ulifunguliwa na kikongwe mfupi, mwenye nywele nyeupe, amevaa suruali. Mwanamke mzima, suruali. Nywele amezivuta nyuma kama amezichora. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, kisha akauliza, "Umekula?"

Sikupewa karibu wala pole ya mvua. Nikaona ananiuliza kama nimefuata chakula kwake. Nikasema, "Nimeshiba." Nilikuwa sijala tangu asubuhi. Baadaye Felista aliniambia kwamba ndivyo wanavyosalimiana.

Akaona natetemeka. Akavua koti lake la pamba, limeshonwa mistari mistari, akaninyooshea kwa mikono miwili. Kwetu ukipewa kitu na mkubwa wa nyumba unapokea. Nikapokea kwa mikono miwili, nikavaa. Kidogo aliduwaa. Nami nikamtolea asali.

"Hapana, hapana," akasema, akalisukuma kopo kifuani pangu. "Rudisha. Wewe kula."

Mnanijua. Sijawahi kumbembeleza mtu apokee kitu changu, na asali ya Tabora haijakataliwa na mtu tangu nizaliwe. Nikasema, "Haya," nikalichukua kopo langu nikalisukuma chini ya kitanda nilichoonyeshwa.

Ndipo nikaingia kwa Felista. Chumba kimefungwa madirisha, joto, harufu ya tangawizi. Felista amenenepa. Alikuwa na bakuli la supu ya kuku mikononi.

"Mayo, mama yangu, umekuja," akasema, akalia. Nami nikalia. Kisha nikamfunua mtoto. Msichana. Macho ya baba yake, midomo yangu.

"Wamenuna?" nikamnong'oneza.

"Nani?"

"Wenyeji. Kwa kuwa ni msichana."

"Mama alisema safari ijayo mvulana. Halafu akaenda kuchinja kuku."

Alisema mama, hakusema mama mkwe. Kwa sauti ile ile anayoniitia mimi.

NYUMBA YA MCHINA

Mlo wa kwanza karibu niondoke. Kwetu mkwe wa kiume hali chakula mbele ya mama wa mkewe, akimwona njiani anapisha. Huyu Aluni aliketi mkabala na mimi kwenye meza ya duara, akachukua paja la kuku kwa vijiti alivyokuwa anakulia, akaniwekea kwenye bakuli langu. Nikatazama ukuta. Akaniwekea na ini. Mama yake anatikisa kichwa kwa furaha kama kijana amefanya jambo kubwa. Kumbe kwao ndiyo heshima, kinono kwa mkubwa. Nilikula macho yako ukutani, lakini nilikula, na mboga zile, mbolea au si mbolea, sijawahi kuona majani mapana hivyo wala matamu hivyo. Mifupa wanaitema mezani. Supu wanaivuta kwa kelele. Hayo sikuyapenda na siyapendi.

Asubuhi nilichemsha maji, nikachukua kitambaa, niende kumkanda mwanangu tumbo. Mzazi asiyekandwa anabaki na tumbo lililolegea. Mama Aluni akasimama mlangoni.

"Maji hapana. Siku kumi na mbili, maji hapana. Baridi inaingia mfupa."

"Maji haya yanaunguza, baridi itatoka wapi? Nipishe."

"Hapana."

"Mimi nimezaa saba," nikamwambia.

"Mimi tisa," akasema.

"Wako wapi?"

Nilimuuliza ili nimshinde. Nilimwona mmoja tu nyumbani hapo, nikadhani anaongopa. Akainua kidole kimoja, akakielekeza uani, ambako Aluni alikuwa anapiga randa. Kisha akakishusha kidole, akaendelea kusimama mlangoni.

Niliweka beseni chini. Maji yakapoa pale pale.

Siku mbili hatukusemeshana. Mimi navaa koti lake, yeye hana koti na mvua inanyesha. Nikamwona Aluni anazunguka zunguka, mwisho akanijia, akasimama mbali kidogo. Felista alikuwa ameshamwambia habari ya ukwe wetu, na alitazama chini kama inavyopasa.

"Mama," akasema, "naomba nikueleze jambo, usikasirike."

"Kasema nani nimekasirika?"

"Kwetu mtu akipewa kitu anakataa mara mbili. Ya tatu ndiyo anapokea. Akipokea mara ya kwanza anaonekana mlafi. Mama alikuwa anangoja umpe asali tena."

Nikamtazama. "Na koti?"

"Koti," akasema, akakuna shingo, "lilitoka kwa mama yake. Alidhani utakataa."

Wenzangu, nilisikia joto mpaka kwenye kisogo. Nilikuwa nimelala na koti la marehemu mama yake siku nne, na kulifutia pua mara moja. Nikalifua, nikalikausha, nikampelekea. Akasema hapana, lako. Nikasema chukua. Akasema hapana. Nikamwambia, "Sikiliza, mwenzangu, hii ya tatu, mimi nina kazi," nikamwekea mapajani. Asali nayo tukacheza mchezo huo huo. Ya tatu akafungua, akatia kidole, akalamba, akafumba macho. Akaondoka na kopo. Jioni Felista alipewa uji wa mtama wenye asali, nilioupika mimi, na mama Aluni ndiye aliyeshika kijiko. Nilipika mimi na akalisha yeye. Ndivyo ilivyokuwa mwezi mzima.

Siku ya kumi na tatu aliniruhusu kukanda. Aliingiza kiwiko kwenye maji kwanza, akatia tangawizi, akasimama nyuma yangu akihesabu. Nilipochoka akanyoosha mikono nikampa kitambaa. Ana mikono mizuri, siwezi kusema uongo. Felista alilala akiwa anakandwa na yeye. Kwangu mimi hakulala.

Mniulize nilimwonea wivu wa nini. Kuku kila siku mbili, mimi nilipomzaa Felista nilikula kuku mmoja, na mguu wake mmoja aliula baba yake mkubwa Felista. Alfajiri kabla sijaamka chai iko tayari, chungu, haina sukari wala maziwa, lakini iko tayari. Mwanawe anatoka kazini anakwenda kwake kwanza kumwambia amefika. Wangu wanaume wanne wakifika Cheyo wanauliza kuna nini jikoni. Nilimwonea wivu kama mke mwenza. Nilitafuta ubaya wake na nikiupata naufurahia: anapiga kelele, hajawahi kumsifu mtoto hata siku moja, Bi Zaituni akija mlangoni kumwona na kusema mzuri, yeye anasema mbaya, mbaya, pua bapa. Kumbe anaogopa mtoto atachukuliwa akisifiwa. Mtu wa watoto wanane waliochukuliwa, ungesema nini?

KUTIMIZA MWEZI

Jambo moja lilinikera kuliko yote. Mtoto hakubebwa mgongoni. Analazwa, anapakatwa, analazwa. Mara mbili nilichukua khanga nimfunge mgongoni, na mara mbili mama Aluni alinishika mkono: "Bado. Mwezi kwanza." Nikaona sasa hata mgongo wangu haufai.

Siku ya kutimiza mwezi walipaka mayai rangi nyekundu wakagawa kwa majirani. Asubuhi hiyo, kabla ya wageni, nilimkalisha Felista.

"Tunaondoka Jumanne. Wewe na mtoto. Mumeo atafuata kazi ikiisha."

Felista alimfunika mtoto vizuri. "Mama, wewe una wajukuu kumi na wawili. Yeye anaye huyu mmoja."

"Kwa hiyo nikiwa na wengi ndiyo ninyang'anywe?"

"Hujanyang'anywa. Kaa na sisi."

"Mtama wangu atavuna nani? Wewe umekuja huku umesahau mtama unavunwa na watu?"

"Mama," akasema taratibu, "mimi nataka kukaa."

Hakusema mama mkwe amekataza. Hakusema Aluni amekataza. Alisema anataka.

Mama Aluni akaingia amebeba kila alichomshonea mtoto: kofia, koti dogo, viatu vyenye sura ya chui. Akavipanga kitandani. Aluni akasimama mlangoni, anatazama chini.

"Mama anasema hivi vyote ameshona yeye," akasema, "ila kitambaa cha kumbebea. Kwetu hicho kinatoka kwa mama wa mke. Mtu mwingine akikitoa ni kama amemwibia. Ndiyo maana mtoto hajabebwa. Alikuwa anangoja mwezi utimie, ukitoe wewe."

Na sisi pia mbeleko, nguo ya kumbebea mtoto, ni ya mama wa mke. Nilimuoza Felista, na fedha ya mbeleko nililipwa kama inavyostahili, na mwezi mzima nilikaa nyumba ile nikidhani hakuna mahali palipoachwa pangu.

Sikuwa nimetayarisha kitu. Nilivua khanga niliyokuwa nimejitanda, mpya, ile mliyonichangia Pasaka, mnisamehe. Mama Aluni akaipokea kwa mikono miwili. Hakumfunga mtoto kwake. Alinizungusha, akanilazia mtoto mgongoni, akashika pembe za khanga nikafunga mwenyewe. Nilitembea naye uani mpaka wageni walipokuja, na walipokuja nikaendelea kutembea. Yai langu jekundu nililila nimesimama.

KURUDI

Jumanne alfajiri nilimbeba mtoto mpaka Kigoma kwa miguu, na wote watatu wakanifuata. Mama Aluni alitembea pembeni yangu, ana miguu midogo lakini hakubaki nyuma. Hakuna aliyeniomba nimpokeze mtoto.

Treni ilipopiga honi nilifungua khanga mwenyewe. Ningeweza kumpa Felista. Mkono ulikuwa umeshamwelekea. Nikamgeuza mama Aluni mabega, nikamweka mtoto mgongoni kwake, nikamfunga. Alikuwa na mgongo mwembamba, mifupa mitupu, ikabidi nikaze. Akajitikisa mara mbili kama sisi tunavyojitikisa, mtoto akatulia. Mwanamke yule alikuwa anajua.

Akaniuliza, "Umekula?"

Nikamjibu, "Nimekula, mwenzangu. Na wewe ule."

Ndani ya behewa nilikaa wima, sikuegemea ubao. Tulipopita Uvinza mwanamke aliyekaa karibu nami akaniuliza kama mgongo unaniuma.

"Hapana," nikasema. "Nilikuwa na mtoto."

Akatazama chini ya kiti, akatazama vifurushi. "Sasa yuko wapi?"

"Yuko kwa bibi yake," nikasema, na neno hilo lilinichoma mpaka Tabora.